Nani Amjibie Mlinzi wa Daraja?

Ukimpelekea kochi lililobonyea, usitegemee akuulize habari za nyumbani. Atalipindua miguu juu, atapasua kitambaa cha chini kwa wembe, ataingiza mkono mpaka begani, kisha atakutazama kana kwamba aliyebonyea ni wewe. "Springi nzima," atasema. "Mkanda ndio umekatika, na aliyeukata ni mtoto anayeruka juu ya kochi." Utabisha, utaapa kwamba kwako watoto hawaruki. Atachomoa mkono polepole, kiganjani gololi na kijiko cha plastiki chenye alama za meno. Hapo utanyamaza, kama walivyonyamaza wote waliokutangulia.

Mtaani anajulikana kwa jina la Dada tu. Wateja humwita Dada, muuza sponji humwita Dada, hata wazee wenye wajukuu, ambao kwa haki wangemwita mwanangu, wakifika mlangoni pake husema Dada na sauti inashuka. Cheo hicho hakukiomba. Alizaliwa wa kwanza kati ya watoto watatu, mama yao akafariki wakati wa mwisho bado anabebwa mgongoni, na tangu hapo yeyote aliyewauliza wadogo zake jambo alijibiwa na yeye. Mmeshiba? Tumeshiba. Nani kavunja dirisha? Upepo. Akawasemea shuleni, akawasemea kwa baba, na walipokua akawasemea hata kwa wachumba, wakati mwingine kabla wenyewe hawajajua wanataka nini. Baba yao alikuwa fundi makochi. Alipofariki alimwachia binti karakana, naye akaiendesha kama alivyoiendesha nyumba, yaani kwa kuamua.

Wa pili wao anaendesha lori la mizigo, na watu humwita Dereva. Ni mtu wa maneno machache, mzito wa kukasirika, na akishakasirika ni mzito zaidi wa kupoa. Wa mwisho ni Kitinda, anayetengeneza simu kwenye kibanda cha kioo pembeni ya duka la dawa. Kitinda ana mdomo huyo! Atakuuzia simu yako mwenyewe na utamshukuru. Ila akikwambia "niko njiani", ujue bado anatafuta soksi.

Sasa, siku za kazi meza ndefu ya karakana ni ya kukatia vitambaa. Jumapili alasiri vitambaa hukunjwa, mkasi huning'inizwa ukutani, na meza inageuka nchi nzima yenye milima, mito, miji ya kuta ndefu na majoka. Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, hauna mshindi. Kila mchezaji ana mhusika wake aliyemwandika kwenye karatasi, nguvu zake na udhaifu wake. Mmoja wao, msimulizi, anawaeleza walipo na kilichowakabili. Wao wanasema watakachofanya, wanarusha dadu lenye nyuso ishirini, na dadu likikataa limekataa.

Msimulizi ni Dada. Angekuwa nani mwingine? Kitinda ndiye aliyeuleta mchezo, na mwanzoni alijaribu kuusimulia yeye. Kufikia jioni wahusika wote walikuwa wamekufa na msimulizi amesahau walikuwa wanakwenda wapi. Dada akamnyang'anya kitabu cha kanuni, akakivisha jalada la ngozi bandia iliyobaki kwenye kochi la daktari wa meno, na mpaka leo hajakirudisha. Mbali na wadogo zake wawili, mezani hukaa Msusi, ambaye saluni yake na karakana vinatenganishwa na ukuta mmoja, na Mwalimu wa hesabu, aliyekuja kuchukua kiti chake cha ofisini akanogewa akabaki.

Shida ya mchezo huu ni uchawi. Upanga hauna maneno mengi; umekata au umekosa. Uchawi ni kesi. Kitabu kinasema uchawi wa Kutoweka humficha mtu pamoja na alichovaa na alichobeba. Haya, amebeba taa inayowaka. Taa imetoweka, sawa, mwanga wake je? Mwalimu alitoa mishipa ya shingo akishikilia kwamba mwanga haubebwi. Kitinda alikuwa upande wa pili, kwa sababu mwenye taa alikuwa yeye. Dada alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini.

"Taa haionekani, mwanga unaonekana," alisema. "Ukitembea nayo gizani, watu wataona doa la mwanga linajiendea lenyewe. Tuendelee."

Na ndivyo ilivyo pale mezani hadi leo, kwa rafiki na kwa adui, maana hukumu ya Dada ikishatoka inamfunga hata yeye. Baadaye majambazi wake mwenyewe, aliowatuma kwa siri kuwaibia wachezaji, walikamatwa kwa doa hilo hilo. Alicheka pamoja nao, kisha akawaandalia majambazi wengine wabaya zaidi.

Lakini hukumu haitolewi hivi hivi. Ana desturi moja aliyoianzisha siku alipochoka na kelele. Anayetaka kanuni isomwe kwa faida yake lazima kwanza avuke meza, akae upande wa pili, amsemee yule atakayeumia. Na amsemee kwa moyo. Asipoweza kuusema vizuri upande asioutaka, basi hajauelewa, na hapati hukumu. "Vuka meza," Dada husema, na mtu mzima mwenye familia yake anainuka na kikombe chake.

Aliyewahi kuumizwa zaidi na desturi hiyo ni Msusi. Alikuwa na uchawi wa Kusinyaa, unaokifanya kitu kimoja kiwe na ukubwa wa ngumi, na mbele yake lilisimama jitu linaloziba njia.

"Nakisinyaza kiatu chake cha kushoto," alisema, "mguu ukiwa ndani."

Meza nzima ikaangua kicheko. Kitabu hakikusema lolote kuhusu kitu ambacho mtu amekivaa. Dada akamwambia avuke meza amsemee mwenye kiatu. Msusi akavuka, akaanza kwa mzaha, kisha akachanganya gia. Jitu halina fundi viatu anayekubali kazi yake. Kiatu kile alishonewa na marehemu mama yake, hajakivua tangu msiba, kimeshika umbo la mguu kidole kwa kidole. Hicho si kitu tena, hicho ni mwili, na uchawi wa vitu utaingiaje kwenye mwili wa kiumbe? Alipomaliza alikuwa anafuta machozi ya kweli.

"Umeshinda," Dada akamwambia. "Yaani jitu limeshinda. Kiatu hakisinyai. Rudi kwako ukapigwe."

Akarudi, akapigwa, mhusika wake akavunjika mguu, na wiki nzima wateja wa saluni walisikia habari za jitu lisilo na shukrani. Ndivyo walivyokuwa wakiishi, hadi siku ya daraja.

Mhusika wa Dereva aliitwa Mlinzi. Alikuwa mtu wa ngao na mkuki, hakujua uchawi hata wa kuwashia jiko. Siku hiyo walikuwa wanakimbizwa na jeshi, mbele yao daraja la kamba. Mlinzi akasema atasimama mwanzo wa daraja azuie jeshi wenzake wavuke; wakishavuka, mchawi wa Kitinda atamvuta kwa uchawi kutoka ng'ambo.

"Shikilia hapo, Kaka," Kitinda alisema. "Narudi kukuchukua."

Wakavuka. Zamu ya Kitinda ikafika, na kule ng'ambo Dada alikuwa ameweka chumba cha hazina ambacho mlango wake ulikuwa unajifunga. Kitinda akatazama mlango, akatazama daraja. Akasema anaingia mara moja tu, zamu inayofuata atamvuta Mlinzi. Zamu inayofuata haikufika. Dadu lilianguka vibaya, jeshi likakata kamba, na Mlinzi akaenda na maji.

Kwenye mchezo watu hufa mara kwa mara na hutaniwa siku hiyo hiyo. Safari hii hakuna aliyetania, kwa sababu Dereva alikuwa ameshasimama. "Kama kwa baba," alisema. Akachukua funguo zake, akatoka, na tangu hapo hakuonekana mezani wala hakupokea simu ya mdogo wake.

Wote walielewa. Baba yao alipolazwa mara ya mwisho, Dereva aliomba ruhusa kazini akakaa kando ya kitanda mpaka mwisho. Dada alikuwa na karakana, akienda na kurudi na vyombo vya chakula. Kitinda alikuwa kwenye simu. Kila akipigiwa alikuwa njiani. Mzee aliaga dunia akimuulizia, na Kitinda alionekana kwenye mazishi, macho yamemvimba, akabeba jeneza upande wa mbele. Dada wakati ule alifanya alichokizoea. Alimwambia Dereva kwamba Kitinda ameumia sana ila hajui kusema, akamwambia Kitinda kwamba Dereva ameelewa na ameshasahau. Hakuna aliyemtuma kuyasema yote mawili.

Baada ya siku ya daraja alijaribu tena. Alikwenda nyumbani kwa Dereva, akakaribishwa vizuri, akawekewa mto mgongoni. Alipoanza tu, "Yule mdogo wako anasema...", Dereva alimkatiza.

"Amekutuma?"

"Hajanituma, lakini namjua."

"Kama hajakutuma, Dada, kunywa chai." Kisha akamweleza habari za matairi, yapi hupasuka kwenye joto na yapi huvumilia, mpaka chai ikaisha. Dada akarudi karakana akiwa amejaa elimu ya matairi na hasira ya kutosha kupigilia misumari ya kochi zima. Duniani alikuwa anataka kitu kimoja tu, wadogo zake wakae tena kwenye meza moja, na kwa mara ya kwanza hakujua ashike wapi.

Mchezo uliendelea na watu watatu. Jumapili moja wakafika kwenye geti la mji uliozama, geti la chuma lisilo na tundu la ufunguo. Dada akawasimulia kwamba linafunguka kwa neno wanalolijua walinzi peke yao, tangu zamani za mfalme. Alikuwa ameliandika geti hilo wakati Dereva bado yupo, na hakuwa mtu wa kubomoa ukuta kwa kuwa mwenye neno kaondoka. Msusi akajaribu nyundo. Mwalimu akajaribu hesabu. Kisha Kitinda akanyanyua kichwa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekumbuka kuna nyama kwenye friji.

"Wito," alisema. "Mchawi wangu ana uchawi wa Wito. Namfufua Mlinzi."

Kitabu kikafunguliwa. Wito ulikuwa na mistari michache tu. Mwitaji humwita aliyekufa kwa jina. Aliyekufa akikubali, hurudi na uhai wake wote. Akikataa, hataitwa tena na yeyote.

"Akikubali," Msusi akarudia. "Sasa atakubali vipi, mwenyewe hayupo?"

Kitabu kilikuwa kimya. Aliyekiandika hakuwaza kwamba mtu anaweza kununa.

"Hilo lilishaamuliwa," Mwalimu akasema, maana kwake hukumu za Dada ni kama fomula, haziozi. "Msusi alipojifungua akawa haji, Dada alisema mchezaji asipokuwepo, msimulizi anamsemea mhusika wake. Kwa hiyo anayejibu ni Dada. Aseme tu Mlinzi amekubali, tufungue geti."

Wote watatu wakamgeukia. Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja, na hukumu ya zamani ilikuwa upande wake, hakuna ambaye angeweza kumlaumu. Mlinzi angeinuka kutoka mtoni, jioni angempigia Dereva na kumwambia, umefufuka bwana, njoo uchukue ngao yako. Angeanza kwa utani, mengine yangefuata. Ila Dereva mwenyewe akiulizwa, huenda akakataa, na Dereva akishatamka hapana hairudi kinywani. Wito hauitwi mara mbili. Alikuwa na hakika kwa karibu kila jambo maishani, hata kwa yale asiyoyajua, na hapa alikuwa anaogopa kama mtoto.

Lakini desturi ni desturi. "Vuka meza," alimwambia Kitinda. "Unayetaka arudi ni wewe. Msemee asiyetaka."

Kitinda akainuka, akazunguka meza, akakaa. Akatanua kifua. "Mimi ni Mlinzi," alisema kwa sauti nene ya mzaha. "Nimejilalia zangu mtoni, samaki wananitekenya, mara nasikia naitwa. Nani? Yule yule. Anataka nini? Geti."

Msusi akacheka. Dada hakucheka.

"Unababaisha. Msemee mtu, au rudi kwako."

Kitinda akaangalia mbao za meza, zenye makovu ya mkasi. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, tena ya chini.

"Sikuliogopa lile jeshi. Ningeweza kukimbia na nyinyi. Nilibaki kwa sababu kuna mtu aliniambia narudi kukuchukua, na huyo mtu namjua tangu anatambaa. Kila aliyenijia na panga nilikuwa namwambia moyoni, subiri tu, mwenzangu anakuja. Nikawa nageuka kuangalia. Nikawa nageuka, nageuka." Alipitisha kidole kwenye kovu moja la mkasi. "Na mzee alikuwa ananiuliza. Mlango ukifunguliwa, hata akiingia nesi tu, ananiuliza, ni yeye? Namwambia bado, yuko njiani. Naenda koridoni nampigia simu, ananiambia niko njiani, narudi ndani nayasema yale yale. Mimi ndiye niliyemdanganya mzee mpaka pumzi ya mwisho. Aliyetunga uongo hakuwepo, aliyeusema kitandani ni mimi. Na baada ya yote hayo hajawahi kuniambia chochote, Dada ndiye anayeniambia. Leo ananiita, kwa sababu ana geti."

Mwalimu alikuwa ameacha kuchezea dadu. Kwa miaka yote hiyo Dada alikuwa amemkinga Kitinda na maneno hayo, akiamini kwamba hayajui na kwamba akiyajua atavunjika. Kumbe alikuwa nayo muda wote, neno kwa neno. Dada alijisikia vibaya, na chini ya kujisikia vibaya akajisikia ana uhakika tena, uhakika wake ule wa siku zote, umerudi mahali pake.

"Nimesikia," alisema. "Hukumu ya Msusi inabaki kama ilivyo. Mtu asipokuwepo, mhusika wake namtembeza, namlisha, anapigana na wenzake. Hayo ni ya kila siku, yeyote angeyafanya. Lakini Wito hauulizi mambo ya kila siku. Unamuuliza mtu kama yuko tayari kurudi kwa waliomwacha afe. Hilo simjibii. Atajibu mwenyewe."

"Na akikataa?" Msusi akauliza.

"Atakuwa amekataa. Kitabu kimeshasema." Aliyatamka kwa sauti anayotumia kumwambia mteja kwamba mbao za kochi lake zimeoza. Chini ya meza vidole vyake vilikuwa vimekamatana.

Kitinda akamsukumia simu. "Basi mpigie wewe, Dada. Mimi hanipokei."

"Mchawi wa nani?"

"Wangu."

"Aliyeandikwa hapa kuwa mwitaji ni nani?"

Kitinda akairudisha simu kwake. Akapiga, akaweka sauti ya juu wote wasikie. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Iliita, ikaita, kisha ikasikika ngurumo ya injini na sauti ya Dereva juu yake.

"Sema."

"Kaka." Akaisogeza simu karibu. "Tuko mezani. Nina uchawi wa Wito. Namwita Mlinzi, na kitabu kinasema mpaka akubali."

"Si Dada yupo hapo? Amjibie. Ndiyo kazi yake."

Dada alinyoosha mkono kwenye simu, akaurudisha.

"Amekataa," Kitinda akasema. "Amesema ujibu mwenyewe."

Injini ikazimwa. Kwa mbali watu walisikika wakiitana. "Dada amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

"Haya. Unamwitia nini Mlinzi?"

"Kuna geti ambalo..." Kitinda akasimama hapo hapo. Alifuta uso kwa kiganja kama mtu anayefuta jasho. "Siyo geti. Kaka, mimi nilifika. Siku ile, kwa baba. Nilifika hospitali nikakaa nje, pale yanapoegeshwa magari ya wagonjwa. Kila uliponipigia nilikuwa pale. Niliogopa kumwona vile alivyokuwa. Nikikwambia niko njiani, nilikuwa nakuona dirishani na simu sikioni."

Hilo hata Dada hakuwa analijua. Msusi aliweka mkono mdomoni. Kitinda akaiangalia simu kuona kama imekatika.

"Dirishani," Dereva alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ungepanda."

"Najua."

"Ni ngazi tu, bwana mdogo. Ungepanda, ungesimama nyuma yangu. Nisingekulazimisha umwangalie." Sauti yake ilikuwa imelegea katikati, na aliposema tena ilikuwa imenyooka. "Mlinzi harudi."

Dada alifunga kitabu cha kanuni. Ndiyo hivyo basi. Alikuwa ameliachilia neno litoke kwa mwenyewe, na mwenyewe amelitoa, na hakuna hukumu duniani ya kulirudisha.

"Sawa, Kaka," Kitinda alisema, kwa sauti ya mtoto.

"Mwacheni alale. Amechoka kusimama peke yake." Kule kulisikika mlango wa lori ukifunguliwa. "Mniandikie mtu mwingine. Sitaki mlinzi. Nataka mtu wa kutembea katikati ya wenzake, awe na mtu mbele na mtu nyuma."

Kitinda alishindwa kusema. Dada naye alishindwa, na hilo ni jambo ambalo Mwalimu hulisimulia mpaka leo. Ikabidi Msusi ainame juu ya simu. "Unakuja kweli, Dereva?"

"Nashusha mzigo kwanza. Msianze bila mimi."

Simu ikakatika. Mwalimu akakohoa, akauliza sasa geti watalifungua na nini, na Dada akamwambia hilo si lake, watajua wenyewe. Alivuta karatasi mpya akashika penseli. Alijua kabisa mtu huyo mpya angekuwa na nguvu zipi, angevaa nini, hata angeitwa nani. Akaiweka penseli juu ya karatasi tupu.

Kitinda alikuwa ameinuka, amekwenda kusimama mlangoni, bega kwenye fremu, akiangalia barabara.

"Njoo ukae," Msusi alimwita. "Mwenzio bado anashusha mzigo. Anaweza kuchelewa."

"Achelewe," Kitinda alisema bila kugeuka. "Namngoja hapa."

Dada alitaka kumwambia kwamba miguu itamuuma, kwamba viti viko humu ndani, kwamba lori linasikika tangu kona ya mbali. Akamwacha asimame, na hakuna aliyerusha dadu.